Mali za Asili za Ufalme wa Kilindimo

Jumatatu, 29 Mei 1995

Leo nimepata wazo! Si kama yale mengine. Lile la sungura lilikuwa wazo la mtu mchanga. Lile la sabuni ya majani ya mpapai lilikuwa zuri sana, ila ngozi za watu wa mtaa huu ni laini mno. Hili ndilo wazo lenyewe.

Kwanza niandike hali ilivyo, ili nikishakuwa maarufu wajue mimi Kelestini nilianzia wapi. Mke wangu Margareta alikwenda kwa baba yake kijijini Kisawasawa baada ya Pasaka. Hakugomba. Angegomba ningejua la kumjibu. Alifunga kitenge chake akasema atarudi siku nitakapokuwa na kazi ambayo mtu akiulizwa anaitaja kwa neno moja, bila kucheka. Tangu siku hiyo nasonga ugali wa watu wawili. Mkono umezoea, na kila jioni nautazama ule wa pili unavyopoa, roho inaniuma.

Wiki iliyopita baba mkwe, Mzee Hermenegildi, alileta salamu kwa dereva wa lori la mpunga. Jumapili hii ni Pentekoste. Baada ya misa wazee wa ukoo watakaa. Kama bado sina kazi yenye jina, Margareta harudi tena Ifakara, basi, imekwisha. Jumapili! Lakini leo ni Jumatatu. Muda upo tele.

Wazo lilikuja nikichimba shimo la taka. Jembe likagonga kijiko. Kijiko chenye tundu katikati! Mtu wa kawaida angekitupa. Mimi nilikaa chini nikakitazama mpaka nikakielewa. Hiki si kijiko kibovu. Hii ni mali ya asili. Imetoka katika ufalme ulioko chini ya maji ya mto Kilombero, na mafuriko ndiyo yaliyoileta kwangu. Ufalme unaitwa Kilindimo. Jina lilikuja lenyewe, sikulitafuta.

Nitafungua nyumba ya maonyesho. Kiingilio kikombe kimoja cha mchele. Mimi nitakuwa Mtunza Mali. Ni maneno mawili, lakini Margareta atanisamehe moja.

Jumanne, 30 Mei

Kutwa nimekusanya! Mama mwenye nyumba, Mama Stumai, amenipa chumba cha mbele kinachotazama barabara ya sokoni. Zamani kilikuwa duka la mafuta ya taa na bado kinanuka. Nimemwambia hiyo ni harufu ya kifalme. Amesema haidhuru, mradi mchele wa kiingilio tugawane.

Kisha nikavuka barabara kwa Evodius, fundi baiskeli. Ana lundo la vyuma nyuma ya kibanda chake, halijaguswa tangu azaliwe. Nikamwomba ruhusa nimsaidie kulipunguza. Akakubali, tena akanishukuru. Baadaye akaniona nimekaa kibarazani nasugua nati kwa jivu mpaka inang'aa. Akaanza kuwashwa. Akaja kuuliza ile nati ni ya nini. Nikamjibu kwamba sasa si nati tena. Akasema kama si nati basi irudishwe kwake aone imekuwa nini. Wivu! Mtu huyu hajawahi kuvumilia kitu kung'aa mikononi mwa mwenzake.

Maelezo ya kila mali nimeyaandika kwenye vipande vya boksi. Nanakili hapa yaliyo bora.

KIJIKO CHA MALKIA NYAMATOPE. Malkia huyu alikuwa na huruma. Kila alipochota mchuzi, nusu iliurudia mchuzi mwenzake, ili chungu kisijione kimeibiwa.

PETE YA UCHUMBA YA JITU MABEGA. Ina pembe sita, kwa kuwa alichumbia mara sita. Alikataliwa mara saba. Ile ya saba alikuwa anapita tu.

KENGELE YA KUAMSHA MTO. Ikilia, mto husimama na kuuliza ni nani. Usijibu.

KUFULI LA KIMYA. Ndani yake zimefungiwa kelele zote za harusi ya Mfalme Kambale wa Tatu. Liweke sikioni utasikia shangazi zake wakigombania nyama.

KIOO CHA MFALME (kipande). Kila asubuhi Mfalme Kambale alikitazama ili amwone mtu mjinga kuliko wote katika nchi yake. Hakuelewa kwa nini ni yule yule kila siku.

MIFUPA YA POPO WA IKULU. Alimkinga mfalme na jua. Mvua ikinyesha alijikunja, maana hakuwa mjinga.

Hiyo ya mwisho Mama Stumai amesema ni mwavuli wake. Nimemwonyesha kwamba hauna kitambaa. Amesema ulikuwa nacho alipoutupa. Tumeachia hapo.

Na hiki hapa, nilichokiokota uvunguni mwa kitanda changu mwenyewe! KIATU CHA MJUMBE WA UPEPO. Cha kushoto tu. Upepo haupati nafasi ya kukanyaga mara mbili.

Nimesoma yote kwa sauti mara tatu. Mara ya tatu nimelia kidogo.

Jumatano, 31 Mei

Kibao kimetundikwa! Nazari, mchoraji, ameifanya kazi kwa moyo. Kulikuwa na matatizo madogo. Nilitaka iandikwe MALI ZA ASILI ZA UFALME WA KILINDIMO. Nazari akasema ubao ni mfupi, ni mlango wa kabati tu, tuondoe ZA ya kwanza. Nikakubali. ZA ni nini? Kisha akaanza na herufi kubwa, nzuri, na akazisogeza karibu karibu ili ufalme nao upate nafasi. Alipomaliza neno la pili rangi ikaisha. Ilikuwa rangi ya kijani iliyobaki alipopaka lango la mtu. Kwa hiyo ufalme utakuja rangi ikipatikana. Kwa sasa kibao kinasoma hivi:

MALIASILI

Kinaonekana kutoka mbali sana. Nafasi kati ya maneno mawili ni jambo dogo. Mtu mwenye akili ataielewa.

Mgeni wa kwanza alifika rangi haijakauka. Bibi Ursula, mwenye shamba kule karibu na mto. Nikampa shikamoo, akaitikia, akaketi bila kukaribishwa na kuanza kunieleza habari za kiboko. Nikasisimka mwili mzima. Sijasema neno na huyu bibi tayari anasimulia Kilindimo! Nikamuuliza kiboko huyo alikuwa amevaa nini. Akafikiri, akasema matope. Nikamuuliza alikuja kwa ujumbe gani. Akasema hakuja kwa ujumbe, amekuja kula mpunga, na ameula jana na juzi, na yeye anataka kujua sisi tunasemaje.

Sisi! Nikamwambia sisi tumefurahi sana kusikia hivyo. Akanitazama vibaya. Nikaona nimkabidhi kitu kumtuliza. Nikampa Kengele ya Kuamsha Mto aende nayo, airudishe kesho. Akaacha kikombe cha mchele, akaondoka akiitikisa njiani.

Siku moja, mgeni mmoja, na tayari mali zangu zinaazimwa. Margareta, laiti ungeona!

Alhamisi, 1 Juni

Foleni! Foleni mpaka kwa muuza samaki! Asubuhi nilipofungua mlango nilidhani kuna msiba.

Mzee wa kwanza aliniambia nyani wamemaliza mahindi yake. Wa pili alikuja kwa ajili ya ngiri. Wa tatu alitaka kibali cha kupasua mbao. Ndipo nilipotoka nje, nikasimama barabarani, nikakisoma kibao changu kama mtu mwingine. Maliasili. Idara ya Maliasili! Wanyama na misitu! Watu wamedhani ofisi ya wanyamapori imehamia sokoni, na yule mwenye meza ndiye bwana mkubwa.

Nilijisemea nitakwenda kuwaambia ukweli. Kwa kweli nilijisemea. Nikarudi ndani nimeshafungua mdomo. Lakini yule mzee wa nyani akasimama, akavua kofia, akaniita mheshimiwa. Hakuna mtu aliyewahi kuniita mheshimiwa, hata kwa bahati mbaya. Nikafunga mdomo. Kisha nikahesabu maneno: Maliasili. Moja! Kazi yenye neno moja, na hakuna aliyecheka!

Nikaketi nikafanya kazi. Mwenye nyani nilimsikilizisha Kufuli la Kimya. Alisikiliza sana, akasema anasikia kama watu wanagombana. Nikamwambia nyani nao watasikia, akaahidi kwenda kupiga makelele kama yale shambani kwake. Mwenye ngiri nilimkopesha Mifupa ya Popo aisimike pembeni mwa mahindi. Mwenye mbao nilimwambia vibali vitatoka baada ya Pentekoste. Kila mmoja aliacha kikombe chake cha mchele. Sikuwadai. Gunia limefika nusu.

Mchana Bibi Ursula amerudi anacheza. Kiboko hakuja! Aliipiga kengele tangu jua linazama, bila kupumzika, na majirani wote waliokuja kumwomba aache walibaki hapo hapo wakibishana naye kwa sauti. Kiboko gani angekuja? Amenikumbatia mbele ya foleni nzima.

Evodius akashindwa kuvumilia. Akavuka barabara, akapaza sauti kwamba kengele ile ni ya baiskeli, na nati ile ni nati, na mimi ni Kelestini wa sungura. Watu wakamwambia aache kuingilia kazi ya serikali. Akapanda baiskeli akaelekea upande wa boma, akisema anakwenda kuwaleta Maliasili wa kweli. Aende! Nimesikia bwana wao yuko porini na harudi mpaka mwisho wa wiki.

Ijumaa, 2 Juni

Nianzie wapi? Jasho halijakauka!

Nilikuwa mezani. Akaingia mzee, kofia kifuani, macho chini, na vumbi la safari mpaka kwenye nyusi. Akasema kwa heshima kubwa kwamba ametumwa na kijiji cha Kisawasawa. Tembo wameshuka kutoka mlimani. Wamekula majaruba ya jirani yake, na jaruba lake ndilo linalofuata, na mpunga umeiva, wiki ijayo wanavuna. Anaomba serikali imwonee huruma.

Baba mkwe!

Wazo la kwanza lilikuwa kuingia chini ya meza. Meza haina kitambaa. Nikasimama nikatoa shikamoo, na sauti ikatoka nyembamba ajabu. Mzee Hermenegildi akainua macho. Akanitazama mimi, akatazama meza, akatoka nje akakisoma kibao, akarudi ndani. Kisha akaketi na kujifuta uso kwa kofia. Akasema kumbe. Akasema tena kumbe.

Aliniuliza kwa nini sikumwambia mtu. Nikajibu kazi za serikali hazitangazwi ovyo. Akatikisa kichwa, akasema siku zote alinidhania mtu wa maneno mengi, kumbe nilikuwa nikificha, na anaomba nimsamehe. Mzee Hermenegildi kuniomba mimi msamaha! Nilitaka kumwambia ukweli pale pale, nilimwonea huruma mno. Lakini alikuwa na furaha sana, na mimi nilikuwa na furaha zaidi yake.

Kisha akaziona mali zangu mezani. Akasimama mbali kidogo, mikono mgongoni. Akauliza kwa sauti ya chini kama hivi ndivyo vielelezo tulivyowakamata navyo majangili. Nikasema ndiyo. Akauliza ile nati ni ya mtego wa nini. Nikasema ya jitu. Akasema majangili wa siku hizi hawana mipaka. Akasoma maelezo ya kijiko mara mbili, midomo ikitembea, akasema serikali inaandika mambo kwa undani.

Halafu likaja la bunduki. Anataka nije kesho Kisawasawa na bunduki. Nikamwambia bunduki ni mambo ya zamani, sisi sasa tuna mbinu. Akaniuliza mbinu gani. Nikasema za kitaalamu. Akaridhika! Akasema nilale kwenye dungu lake, lile jukwaa la juu ya nguzo, nilinde jaruba, na Jumapili baada ya misa wazee wataniona kwa macho yao. Ameondoka na lori la jioni akiwa ameshika kofia yake juu kama mtu aliyeshinda mpira.

Kesho nitamwona Margareta. Nimechana nywele leo leo.

Jumamosi, 3 Juni

Kisawasawa. Nimepokelewa kama askofu. Nimekuja na mali zote zilizobaki, nimezichomeka ndani ya gunia la mchele wa kiingilio ili zisigongane. Mama Stumai amelikimbilia lori hadi njia panda akidai nusu yake. Nimempungia mkono.

Margareta alinipelekea maji ya kuoga. Akapika wali na kambale. Alikuwa amevaa lile gauni la bluu. Baba yake hakuacha kunitaja: Maliasili hivi, Maliasili vile, mkwe wangu wa Maliasili. Kila akilitaja neno lile Margareta ananitazama, na mimi nasikia joto masikioni.

Jioni alikuja kunisaidia kupanga vielelezo ukumbini, wanakijiji wavione. Akavisoma kimoja kimoja. Kwenye pete ya jitu akaziba mdomo, mabega yakatikisika. Nikajua nimeshinda! Akafika kwenye Kiatu cha Mjumbe wa Upepo. Akakigeuza, akatazama soli. Akaniambia polepole, baba yake asisikie, kwamba hiki ni kiatu chake cha ekaristi, amekitafuta tangu Pasaka, cha kulia anacho hapa ndani ya sanduku, na mimi nimewatoza watu mchele ili wakitazame.

Nilimweleza yote. Kijiko, ubao mfupi, ZA, rangi ya kijani, mheshimiwa. Sikuficha hata moja. Nilimwambia pia habari za ule ugali wa watu wawili, sijui kwa nini.

Alikiweka kiatu chake mapajani. Kisha akasema hivi. Baba yake ana mpunga ule tu, hana kingine cha kula mpaka mwakani. Tembo wasipoula leo, atarudi nami Ifakara, niwe na kazi au nisiwe nayo, kwa kuwa miezi hii miwili hakuna mtu aliyemchekesha hapa. Wakiula, yeye mwenyewe atasimama mbele ya wazee na kiatu mkononi. Akaondoka.

Napanda dunguni. Nina gunia, nina mbinu. Sina wasiwasi hata kidogo.

Jumapili, 4 Juni. Pentekoste

Niko hai! Niandike haraka, mguu ukiwa bado kwenye maji ya moto.

Wanaume walikesha nami mpaka kulipopambazuka. Hakuna tembo. Wakashuka kwenda kuoga kwa ajili ya misa, wakanipongeza: yaani tembo wamesikia tu Maliasili yupo, wakaogopa! Nikabaki peke yangu dunguni. Nikafumba macho kidogo, kwa furaha.

Dungu likaanza kutikisika. Nikadhani ni Mzee Hermenegildi anapanda. Nikamwambia baba, taratibu. Nikachungulia. Tembo! Anajikuna kwenye nguzo yangu! Nyuma yake wengine wawili, wanautazama mpunga wa baba mkwe kama watu waliokaribishwa mezani.

Mbinu! Nilitafuta mbinu yoyote kichwani, haikuwapo. Nikashika kitu cha kwanza mkononi, na kilikuwa kipande cha boksi. Nikasimama nikamsomea tembo kwa sauti kuu habari za Malkia Nyamatope. Naapa alisikiliza. Masikio yalisimama. Nilipofika kwenye chungu kutojiona kimeibiwa, akajikuna tena, nguzo ikavunjika, na sisi sote tukashuka: mimi, dungu, na gunia.

Gunia likapasuka. Mchele wote wa foleni ya Ifakara ukamwagika tutani, nje kidogo ya jaruba. Wale tembo wakaacha mpunga wakauendea. Nani atakula kwenye suke wakati kuna mchele uliokobolewa? Wakala mchele. Wakala gunia. Wakala maelezo yangu yote, boksi kwa boksi, hata lile la Mfalme Kambale. Kioo wakakikanyaga. Mimi nililala kwenye matope na kusali litania, majina mengine ya watakatifu nikiyatunga.

Ndipo nikasikia makelele. Margareta! Mbele kabisa, gauni la bluu limefungwa kiunoni, anapiga debe kwa mchi, na wanawake wa kijiji nyuma yake na masufuria na vigelegele. Tembo wakainua vichwa, wakaona hakuna kilichobaki tutani, wakapanda mlima bila haraka.

Jaruba limesalia! Mahali palipoharibika ni padogo tu, kiasi cha mkeka mmoja. Ni pale nilipoangukia mimi.

Margareta aliniinua. Alikuwa analia na kucheka, na alinishika mkono kwa nguvu mpaka nikasahau mguu. Hiyo ilikuwa dakika njema kuliko zote za mwaka huu.

Sasa lililofuata. Tulipotoka kanisani wazee wameshapanga viti, ikaja pikipiki kutoka Ifakara. Mbele, bwana wa Maliasili, wa kweli, na sare yake. Nyuma, Evodius, na meno yote nje. Bwana yule alikuja kwa habari za tembo, lakini aliuliza pia, kwa upole, ni nani Kelestini. Wakati huo Evodius ameshawasimulia watu wote, kuanzia sungura.

Yule bwana alinisema mbele ya kila mtu. Akaniamuru kibao kishuke kesho yake asubuhi. Aliniuliza tembo niliwafanyaje. Nikamweleza. Ikabidi aende kusimama nyuma ya pikipiki yake mpaka kicheko kimwishe.

Mzee Hermenegildi hakucheka. Alikuwa amekaa na kofia juu ya goti, ameinamisha kichwa, na hapo ndipo nilipoona aibu ya kweli, maana juzi kofia ile aliishika juu. Akaniambia hakuna kazi, basi. Margareta akasimama. Nikatazama mikono yake kama ina kiatu. Haikuwa nacho. Akasema alitoa ahadi na mpunga umepona, atarudi na mumewe, lakini kwa sharti moja: mume huyu asiandikishe kibao chochote tena maishani mwake. Niliapa papo hapo. Niliapa kwa Roho Mtakatifu, na siku ilikuwa yake.

Wazee wakanong'ona. Halafu Mzee Hermenegildi akasema kazi anayo yeye. Dungu limeanguka, litajengwa upya, na ndege wanakula mpunga. Mpaka mavuno yaishe nitaamia ndege, yaani kuwafukuza wasile mpunga. Mwamia. Neno moja. Mzee mmoja akalirudia kwa sauti ili tuone kama kuna atakayecheka. Wakacheka wote. Margareta pia. Lakini alicheka akiwa amekaa upande wangu.

Jumatano, 7 Juni

Siku ya tatu dunguni. Kwelea ni wengi kuliko nilivyodhani. Napiga kelele, narusha udongo kwa kombeo, wanainuka, wanatua nyuma yangu. Margareta analeta chakula mchana na kukaa nami kidogo. Amefunga mizigo yake tayari. Mavuno yakiisha tunakwenda nyumbani pamoja. Amenikumbusha kiapo mara mbili leo. Nimemwambia mimi si mtu wa kurudia kosa.

Na ni kweli! Nimelifikiria kosa lile kwa kina, huku juu kuna nafasi ya kufikiri. Kosa halikuwa mali. Halikuwa ufalme. Kosa lilikuwa neno. Nilichagua neno lenye nafasi katikati, na nafasi ikapotea, na humo ndimo serikali ilimoingilia.

Maana leo asubuhi, nikichungulia chini ya dungu jipya, nimeviona! Unyoya mrefu mweupe. Mkono wa debe uliopinda. Mfuniko wa saa. Havikuwepo jana! Vimedondoka kutoka Ufalme wa Pepeta, ulioko juu, kule makapi ya mpunga yanakokwenda wanawake wakipepeta. Maelezo nimeshaanza, nyuma ya picha ya kalenda.

NYUSI YA MWEZI. Mwezi ulikuwa na nyusi mbili. Moja ilianguka siku uliposhangaa.

KALAMU YA KARANI WA MAWINGU. Ndiye aliyeandika mvua zote. Alikuwa na mwandiko mbaya, ndiyo maana nyingine hunyesha kwa jirani.

Nimeyasoma haya ya karani kwa sauti, ndege wote wakaruka. Ni mazuri kupita yale ya kijiko!

Kuhusu kiapo: niliapa kutoandikisha kibao. Nazari ataandika ukutani. Ukuta si kibao. Margareta ataelewa akiona ulivyopendeza.

Dereva wa lori la mpunga amepita mchana na nimempa ujumbe ampelekee Nazari. Herufi kubwa kuliko mara ya kwanza, ukuta wote wa mbele, rangi yoyote. Nimechagua neno moja, fupi, lisilo na nafasi katikati, na nimepitia kichwani ofisi zote za serikali ninazozijua, kuanzia boma mpaka Dar es Salaam, nikaona hakuna hata moja inayoweza kuchanganywa nalo. Aandike tu: HAZINA.